Naandika hadithi ya msichana mpelelezi wa miaka 13, nimekwama kwenye sanduku lenye kufuli tatu

Mwalimu wa Arua

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Arua, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Tangu Januari naandika hadithi ya upelelezi ya vijana, kwa ajili ya wanafunzi wa Senior 1 na Senior 2, na nimefika mahali sisongi mbele wala sirudi nyuma.

Niseme kwanza kwa nini naiandika. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi sana. Lakini darasani kwangu, mwanafunzi akishafunga kitabu cha kiada hana tena Kiswahili cha kusoma. Maktaba yetu ni makabati mawili, na vitabu vya Kiswahili vinajaza nusu rafu. Mimi mwenyewe lugha hii haikuniingia kwa ngeli. Iliniingia usiku mmoja chuoni, umeme umekatika, nina mshumaa na nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla iliyokwisha kupoteza jalada. Kitabu kile kilitoka mwaka 1960, na bado Bwana Msa na kiko chake walinikesha mpaka adhana ya alfajiri. Maiti inakutwa mzimuni, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Nataka wanafunzi wangu wakeshe hivyo hivyo, ila mpelelezi awe wa rika lao na kijiji kiwe chao.

Mpelelezi wangu anaitwa Ayikoru. Ana miaka 13, anakaa na bibi yake, na bibi ni mmoja wa watunza funguo watatu wa kikundi cha akiba. Vikundi hivi mnavijua: watu 25 au 30 wanakutana kila wiki chini ya mwembe, kila mmoja ananunua hisa zake, anagongewa mihuri kwenye kijitabu, fedha zinaingia kwenye sanduku la chuma. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwisho wa mwaka mikopo yote inarudishwa, kisha wanagawana. Kwa hiyo upo usiku mmoja tu katika mwaka ambapo sanduku limejaa, na kijiji kizima kinaujua.

Asubuhi ya mgao wanachama wamekaa kwenye mikeka. Anafungua wa kwanza, anafungua wa pili, bibi anamalizia. Kifuniko kinainuliwa. Vijitabu vimo vyote. Shilingi 6,480,000 hazimo. Kufuli hazina hata mkwaruzo. Macho yote yanawageukia wale akina mama watatu.

Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama mara mbili.

Fedha zilitokaje? Nimeandika majibu matatu na yote nimeyachana. Funguo za bandia: watoto watalijua hilo kufikia sura ya pili. Akina mama kula njama: sitaki, kwa sababu nitakayoieleza. Sanduku kubadilishwa na jingine pacha wake: hilo la pili lingetoka wapi kijijini bila watu kuliona?

Na jambo la pili, mtoto wa miaka 13 anaingiaje katika mambo ya wakubwa? Ana maji ya kuchota, ana chakula cha kupika, magharibi haimkuti nje. Akimhoji mtu mzima ataambiwa hana adabu, na kwa kweli mimi pia ningemwambia hivyo.

Sasa ile sababu. Nilipokuwa Senior 2, shule ya bweni ambayo sitaitaja, mwenzetu mmoja alipotelewa na 40,000 za ada. Matroni alitupanga mstari saa tano usiku, tukiwa na kanga na blanketi, kisha akamtoa mbele msichana aliyelala kitanda cha jirani. Kwao walikuwa maskini kuliko sisi wote, basi. Hakuulizwa mtu swali hata moja. Zilionekana lini mara ya mwisho? Ziliwekwa wapi? Asubuhi yule msichana alirudishwa kwao. Baada ya wiki tatu mwenye fedha alianika godoro lake juani, zikaanguka kutoka kwenye mshono uliofumuka. Yule aliyefukuzwa hakurudi tena shuleni. Mimi nililala kitanda cha tatu kutoka pale, na ule mshono nilikuwa nimeuona siku nyingi. Sikujua kwamba ni kitu cha kusema, na hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo mnaojua mambo ya vitabu, ya polisi, ya vikundi, nisaidieni. Msinionee haya.

Mama Maktaba, Jinja

Mwalimu, pole kwa hilo la bweni na hongera kwa kazi. Mimi natunza maktaba ndogo ya watoto hapa Jinja. La sanduku sitaliweza, wapo watakaoliweza. Nitakujibu la mtoto.

Masanduku ya vitabu vya msaada yanayotufikia hayakosi hadithi za Nancy Drew, msichana mpelelezi. Cha kwanza kilitoka Marekani mwaka 1930. Jina Carolyn Keene lililo kwenye jalada si la mtu, ni jina lililobuniwa na kampuni iliyoagiza hadithi zile. Aliyekiandika ni Mildred Benson, mwenyeji wa Iowa, na alilipwa dola 125, basi, bila mgao wowote wa mauzo. Wasichana wangu wanavipenda mpaka kurasa zinalegea. Lakini maswali yao kwangu si kuhusu mwizi, ni kuhusu gari. Nancy ana miaka 16 na gari lake mwenyewe, la buluu. Baba yake wakili, mama amefariki, nyumbani kuna mama wa kupika na kufagia. Mwandishi amemwondolea binti kila kazi ili apate nafasi ya kwenda huku na huku.

Wewe usimwondolee Ayikoru hata kazi moja. Kazi ndizo gari lake. Mtoto wa kwetu hutumwa. Kapeleke muhogo mashineni. Karudishe sufuria kwa mama fulani. Kamwambie mzee mkutano ni kesho. Kakope chumvi, ukikuta hawana pita kwa jirani. Hesabu mwenyewe: kwa siku moja anaingia nyua sita au saba ambazo polisi angehitaji sababu ya kuingia, na wakubwa hawakatizi mazungumzo kwa sababu mtoto amepita na dumu kichwani. Mwizi akimwona polisi anajipanga. Akimwona mtoto aliyekuja kurudisha sufuria, anampa sufuria nyingine apeleke mbele.

Na hilo la adabu lisikutishe. Asihoji, asalimie. Mtoto aliyelelewa vizuri husalimia moja moja: habari za hapa, za mzee, za mgonjwa, za mbuzi, za safari. Ukiulizwa habari za safari na wewe ulisema hukusafiri, kuna kitu kimeanguka.

Nikuongezee kimoja. Mjerumani Erich Kästner alitoa mwaka 1929 hadithi ya mvulana Emil, aliyeibiwa mark 140 akiwa amelala kwenye treni ya kwenda Berlin. Emil alikuwa na hofu ya kupoteza fedha zile, akazibana kwa pini ndani ya koti. Mwishoni, benki, mwizi anang'ang'ania kwamba noti ni zake, na matundu ya pini ndiyo yanayomuumbua. Pini ile msomaji aliiona mapema kabisa, akaipita. Tafuta pini ya Ayikoru. Iwe mbele ya macho ya mtoto anayesoma tangu kurasa za mwanzo, na isiwe na kelele.

Wala usiogope kwamba kijiji chako ni kidogo. Barbara Kimenye alichukua shule moja ya bweni ya Uganda, akamweka mvulana mtundu Moses ndani yake, na wazazi wa watoto ninaowaazima vitabu bado wakivishika vitabu vile wanacheka kabla hawajafungua. Aliviandika kwa Kiingereza. Chako cha Kiswahili nakisubiri hapa.

Boda wa Koboko

Mwalimu, kikitoka niwekee nakala mbili, binti yangu yuko P.7, darasa la saba la msingi, na Kiswahili anakipenda. Ombi langu moja: mwizi asiwe mtu wa bodaboda. Kila hadithi, kila mchezo wa redioni, mwizi ni sisi. Usiku wa manane mkiumwa ni sisi tunaowapeleka hospitali.

Fundi Katwe

Habari Mwalimu. Nachomelea vyuma hapa Katwe, Kampala, na masanduku ya vikundi nimetengeneza mengi mno, kuna mwezi naletewa oda ya kumi kwa mpigo. Nimesoma swali lako nikaona wote mnatazama mbele ya sanduku, kwenye kufuli. Ligeuze.

Nyuma kuna bawaba mbili. Fundi wa kawaida anazitengeneza mwenyewe: vipande vya bomba jembamba, viwili vinachomelewa kwenye sanduku, kimoja kwenye kifuniko, katikati inapita pini, yaani kipande cha nondo nyembamba. Ili pini isichomoke, ncha zake zinachomelewa tone moja moja. Tone lenyewe ni dogo. Ukilikata kwa msumeno wa chuma, pini inasukumwa kwa msumari mnene na nyundo, inatoka upande wa pili. Fanya hivyo bawaba zote mbili. Sasa kufuli tatu zinaning'inia mbele palepale zimefungwa, na kifuniko kinafunuka kutokea nyuma. Hakifunuki chote, mbele kimeshikwa, lakini mkono unapita na bunda la noti linapita.

Wakati wa kurudisha ndipo mwizi wako anapata tabu. Kijijini hana umeme wa kuchomelea, na hata angekuwa nao, mwanga wa kuchomelea usiku unaonekana hadi ng'ambo ya mto. Kwa hiyo ataingiza pini mpya iliyo ndefu kidogo, kisha atagonga ncha kwa nyundo mpaka ibapike kama kichwa cha msumari. Ncha iliyochomelewa ni mviringo kama tone la nta. Ncha iliyogongwa ni bapa na ina kingo. Mtoto mwenye macho anaziona tofauti bila kufundishwa na mtu. Halafu itambidi apake rangi, maana chuma kilichotoka kukatwa kinang'aa.

Nasema haya hadharani kwa sababu dawa yake ni nyepesi. Vikundi viagize bawaba za ndani, au pini ichomelewe urefu wote. Mimi siku hizi sitoi sanduku lenye bawaba za nje, mteja akilalamika bei namwonyesha kwa mkono wangu jinsi linavyofunguka.

Mwalimu wa Arua

Fundi, sijui nikushukuru vipi. Jana baada ya vipindi nilikwenda kwa jirani yangu anayelaza sanduku la kikundi chao, nikaomba kuliona. Alinitazama, nikamweleza habari ya kitabu, akalitoa chini ya kitanda. Tukaligeuza sote wawili. Bawaba mbili, kwa nje, kama ulivyosema. Lile tone la kuchomelea ni kubwa kama punje ya mtama, limepakwa rangi ya kijani pamoja na sanduku lote. Jirani amelilaza sanduku lile miaka minne na hakuwahi kutazama nyuma yake. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniomba namba yako. Nikamwambia akuandikie humu.

Mama Maktaba, hilo la kusalimia moja moja nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza. Nimefuta sura ya tatu nzima, ile ambayo Ayikoru alikuwa anawauliza watu maswali kama hakimu.

Sasa wale akina mama watatu. Sitaki kuandika uongo juu ya polisi. Je, watashikwa? Watakaa muda gani? Yupo humu anayejua?

Afande Mstaafu, Bombo

Mwalimu, salaam. Nimetumikia polisi miaka 27, nusu yake vituo vya vijijini, sasa nalima Bombo. Nitakueleza inavyokwenda.

Wizi kama huo hauanzi kwetu, unaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Atafika na katibu wake wa ulinzi, na watu mia moja nyuma yao. Hapo ndipo tunapopoteza kesi. Nyayo zimekanyagwa, kila mtu amelishika sanduku kuona kama kweli ni tupu. Ukileta mbwa wa polisi saa sita mchana anazunguka mahali pamoja kwa sababu harufu ziko mia. Ukitaka hadithi iwe ya kweli, tia hilo fujo.

Mwenyekiti akipiga simu kituoni, askari atafungua shauri kwenye kitabu cha kituo, atatoa namba, na kwa hasira ya wanachama atawachukua wale watatu. Si lazima awe anaamini ni wezi. Mara nyingine unamchukua mtu ili alale salama, usiku watu wasimfuate nyumbani kwa mawe. Katiba inasema saa 48, kisha wafikishwe mahakamani au waachiwe. Hizo saa 48 ni zako, Mwalimu. Hadithi yote iishie humo.

Sanduku nalo linakuja kituoni, ni kielelezo. Unajiuliza mtoto ataliona vipi? Kituo kidogo cha kijijini hakina jiko. Aliyeshikwa analetewa chakula na watu wake. Nani atatumwa na bakuli la chakula asubuhi na jioni? Mara ngapi nimeona watoto wamekaa kwenye benchi letu wakisubiri bakuli lirudi, na vielelezo vimepangwa hapo ukutani mbele yao, pikipiki, magunia, majembe.

Jambo la sheria ulijue. Mtoto mdogo ambaye hajaelewa maana ya kiapo anaweza kusikilizwa mahakamani bila kuapa, lakini maneno yake peke yake hayatoshi kumfunga mtu, lazima yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Kwa hiyo Ayikoru asitegemee kusema "nimeona". Apate kitu kinachoshikika. Ile ncha bapa ya Fundi ni kitu kinachoshikika.

La mwisho, na hili nakuomba kama baba. Usimpeleke usiku kwenye nyumba ya mwizi. Nimechukua watoto kutoka sehemu ambazo hawakupaswa kuwa. Akishajua, amwambie mtu mzima mmoja anayemwamini, na huyo aende kituoni. Wanafunzi wako wataiga watakachosoma.

Msomaji wa Senior 3, Mbale

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Afande, shikamooni nyote. Mimi nina miaka 15 na nasoma sana hadithi za upelelezi. Naomba kusema mawili.

La kwanza. Fundi amesema mwizi atakata kwa msumeno. Akikata, unga wa chuma unaanguka chini. Sisi tulipokuwa P.4 tulikuwa tunavunja spika mbovu za redio tunatoa sumaku, tunaifunga kamba, tunaiburuta barabarani. Inarudi na manyoya meusi. Mpe Ayikoru mdogo wake wa kiume mwenye sumaku ya spika. Sura ya kwanza anaiburuta tu uani anacheza, anagombezwa kwa kuleta uchafu ndani. Baadaye, wakitumwa mahali fulani pamoja, sumaku inarudi na manyoya tofauti. Yanayotoka kwenye mchanga wa kawaida ni punje nyeusi nyeusi. Unga wa msumeno unang'aa na una vipande vilivyojikunja. Mdogo wake atafurahi tu kwamba ni vizuri. Ayikoru ndiye atakayesimama. Msomaji pia ataona, akitaka.

La pili, kwa Afande, kwa heshima. Akigundua halafu akaenda kumwambia mtu mzima, mtu mzima akamaliza kila kitu, sisi tutakifunga kitabu. Vitabu vingi vya shuleni viko hivyo, mtoto anafanya kazi yote halafu mkubwa mmoja anasimama na kueleza. Tunataka tuogope. Na tunataka amalize yeye.

Afande Mstaafu, Bombo

Kijana, marahaba. Hiyo sumaku nakuambia kweli, katika miaka 27 sikuwahi kuifikiria, na kuna kesi ya maduka mawili ambayo ingenisaidia.

Kuhusu kuogopa umesema haki, nimekaa nikalifikiria shambani. Hofu si lazima iwe usiku. Mtumeni mchana kweupe, kwenye ua wa mwizi, kwa shughuli halali, kurudisha sufuria kama alivyosema mama wa Jinja. Sumaku iko mkononi mwa mdogo wake. Mwizi anaiona sumaku, anaona kilichoganda juu yake. Anawatazama. Wote wanaendelea kusalimiana. Habari za mzee, njema. Habari za shamba, njema. Mimi hapo nimeogopa tayari.

Na amalize yeye, nakubali. Aonyeshe ile ncha mbele ya OC, yaani mkuu wa kituo, kwa kidole chake, sanduku limegeuzwa. Askari mwenye akili hatamwondoa.

Mama Maktaba, Jinja

Afande, umeshaandika sura nzima hapo. Nimeisomea wasichana wangu wa Jumamosi, mmoja akasema "asirudishe ile sufuria" akiwa ameshika mdomo.

Mwalimu, swali langu lililobaki ni la bibi. Usimwache huko kituoni kama mzigo wa kuokolewa. Mzee aliyeaminiwa ufunguo na watu 30 ana akili zake.

Mwalimu wa Arua

Nimekaa na maneno yenu siku nne. Kijana wa Mbale, sumaku imeingia, na mdogo wake Ayikoru sasa yupo tangu mstari wa kwanza, uani, akiburuta kamba. Sijampa jina bado, ukiwa na jina zuri niletee. Boda wa Koboko, mwizi si wa bodaboda. Nani ni mwizi sisemi, wanafunzi wangu wawili wamegundua naandika humu.

Mama Maktaba, uko sahihi kuhusu bibi, nami nilikuwa nimemsahau. Nawawekea kipande kidogo. Ni asubuhi ya pili, saa 26 zimepita.

*Ayikoru alivua ndala mlangoni. Askari wa zamu alifunua bakuli, akatazama ugali wa muhogo na mboga yenye ufuta, akafunika. "Kaa hapo."*

*Bibi alitolewa, akakaa upande wa pili wa benchi. Hakugusa chakula kwanza. "Umechota maji?" "Nimechota." "Kuku?" "Wamelala ndani wote." "Mwenye mashine hajambo?" Ayikoru akamtazama. Bibi hakuwa na kawaida ya kumuulizia mwenye mashine. "Hajambo." "Na mke wake?" "Hajambo, ila anasema mzee hakulala, alikuwa anapaka rangi." "Anapaka nini?" "Hakusema."*

*Bibi akaanza kula, taratibu, kama yuko nyumbani. Kati ya tonge na tonge alisema, bila kuinua macho, "Lile sanduku wameliweka vibaya. Limeupa ukuta mgongo. Vumbi la mlangoni linalipiga lote. Mwombe afande akuruhusu ulifute, mali ya watu ile."*

*Askari alicheka, akasema futa tu. Ayikoru akachukua kitambaa cha bakuli. Alifuta juu, akafuta kufuli moja moja. Akalisogeza kutoka ukutani ili afute nyuma. Vumbi jekundu la Desemba lilitoka kwenye bati lote kwa mkono mmoja. Kwenye bawaba halikutoka. Lilikuwa limeganda, kama sukari kwenye kijiko chenye maji.*

Nimeishia hapo kwa sababu nataka Fundi aniambie kabla sijaendelea. Rangi ya mafuta ikipakwa usiku kwenye chuma, kesho yake asubuhi, au hata keshokutwa, bado inashika vumbi? Na Afande, askari wa zamu angemruhusu kweli kufuta kielelezo, au nitachekwa?

Afande Mstaafu, Bombo

Hapaswi kumruhusu. Lakini kwa kituo cha askari watatu, asubuhi, mtoto mwenye adabu na kitambaa, atamruhusu. Baadaye OC amgombeze kwa hilo, iandike, itakuwa kweli. Na bibi huyo ningemwajiri.

Fundi Katwe

Mwalimu, inategemea unene. Ikipakwa nyembamba, asubuhi imekauka juu. Lakini mtu anayepaka gizani, kwa haraka, juu ya chuma chenye mafuta ya mkono, hupaka nene, na nene siku ya pili bado inanata chini ya ngozi yake. Vumbi linashika. Ila Ayikoru asije akaibonyeza kwa kidole. Alama itabaki pale, na itakuwa yake.